Mshono wa Chupa Hutaja Umri Wake

Wanaotafuta kwa detekta hazina inayosemekana kufichwa na Wajerumani kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, Morogoro, hutupa pembeni kitu chenye habari nyingi kuliko sarafu: chupa kuukuu. Detekta haisikii kioo. Hulia kwa sababu ya waya wa kizibo au kipande cha bati kilicholala jirani, na mchimbaji akiibua chupa huona jasho lake limepotea bure.

Halijapotea. Chupa ikiwa imeshaibuliwa, inyanyue juani, ufuate mshono ulioachwa ubavuni na kalibu. Ukikoma shingoni, fundi aliipuliza chupa kwa pumzi yake, kisha akaumba mdomo kwa mkono. Ukipanda hadi ukingoni, ni kazi ya mashine; Michael Owens wa Marekani alifanikiwa kuiunda mashine inayojiendesha mnamo 1903, na upulizaji wa mdomo haukukoma mara moja. Hivyo, reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, chupa za kupulizwa zilikuwa bado za kawaida.

Mdomo nao una ushahidi wake. Kizibo cha bati tunachofungua kwenye soda kilibuniwa na William Painter mwaka 1892; chupa yenye ukingo wa kukishika haiwezi kuutangulia mwaka huo. Shingo iliyobanwa na kufungia gololi ndani ni ubunifu wa Mwingereza Hiram Codd, wa miaka ya 1870. Na chupa iliyoandikwa Tanganyika ni ya 1920 au baadaye, kwani ndipo Waingereza walipoipa nchi jina hilo.

Lakini umri wa chupa si umri wa shimo. Bia ikishaisha, chupa yake huwekwa asali au mafuta, ikatumika miaka mingi kabla ya kutupwa. Kinachosahihisha hesabu ni vilivyolala nayo. Ikikutwa na heller ya 1904, sarafu iliyotuachia neno hela, basi shimo hilo halikufukiwa kabla ya mwaka huo. Ukiing'oa chupa peke yake, umeukata ushahidi.

Kuchimba mambo ya kale kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiona chupa imechomoza baada ya mvua, ipige picha, andika mahali ilipo, iache ardhini, kisha uwaarifu maofisa wa mambo ya kale.