Kodi ya miezi sita na ugomvi wa uani

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lina nyumba zake jijini, na kampuni binafsi zina ghorofa zao, lakini mpangaji wa kipato cha kawaida hafiki huko. Yeye anapanga kwa mstaafu wa Tandika, kwa mjane wa Mbagala, au kwa fundi wa Kimara aliyejenga kidogo kidogo mpaka akapata vyumba sita na korido katikati, choo na jiko uani. Ni biashara inayolaza nusu ya mtaa, na wengi wanaoiendesha hawajihesabu kuwa wafanyabiashara.

Ukikaa na wenye nyumba utaambiwa shida ni wapangaji: wanachelewesha kodi, wanajaza ndugu chumbani, wanafungulia redio usiku. Ukikaa na wapangaji utaambiwa mwenye nyumba ana gubu na hatengenezi kitu. Wote wana ya kusema. Lakini kwa jinsi ninavyoiona biashara hii, ugomvi mwingi unaletwa na mambo mawili ambayo hayahusiani na tabia ya mtu: kodi inayolipwa kwa mkupuo, na umeme unaotumiwa na wote bila hesabu.

Tuanze na mkupuo. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi na kodi inalipwa miezi sita mbele. Vyumba sita vinaingiza 1,800,000, na mara nyingi kwa vipindi vinavyokaribiana. Pesa hiyo inapokelewa na mtu mwenye ada za shule, deni la saruji na mgonjwa wa kumuuguza. Haimalizi mwezi. Kisha masika yanaingia, bati linavuja, shimo la choo linajaa. Mpangaji anagonga asubuhi: "Mama, maji yanafika kitandani." Mama hana hata ya misumari, na gari la kunyonya maji taka linataka pesa taslimu. Anajibu kwa ukali, kwa sababu ameaibika. Mpangaji anaondoka akiamini amedharauliwa, na kwa kuwa amekwishalipa yote, hana la kushikilia. Atanung'unika hadi muda wake uishe, kisha atahama.

Hapo mwenye nyumba anakuwa pia nje ya sheria bila kujua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji na maeneo yanayotumiwa na wote, isipokuwa kama wamekubaliana vingine. Kwa hiyo bati linalovuja ni deni lake. Anayetenga shilingi 5,000 tu kwa kila chumba kila mwezi, katika nyumba hiyo ya vyumba sita, anakuwa na 360,000 mwaka ukiisha, na mvua ikinyesha ana pa kuanzia.

Wenye nyumba wanautetea mkupuo kwa hoja nzito: wanaogopa kukimbiwa na mtu usiku. Hofu hiyo ni ya haki. Ila tazama upande wa pili. Mpangaji mpya anatoa 300,000 za kodi, kisha 50,000 za dalali, kabla hajanunua hata ndoo. Miezi sita ikipita anatakiwa atoe 300,000 nyingine kwa siku moja, mshahara wake ukiwa ule ule. Anakuja na za miezi miwili, anaomba avumiliwe, na mvutano unaanza. Angekuwa analipa mwezi kwa mwezi, shida yake ingeonekana deni likiwa 50,000, lingali dogo la kuzungumzika. Nairobi wamezoea kuchukua amana ya mwezi mmoja, kisha kodi inaingia kila mwezi kwa simu. Dar es Salaam nayo ina pesa za simu kila kona, na kila muamala unabaki kwenye kumbukumbu, jambo ambalo daftari la mama mwenye nyumba haliwezi kuhakikisha.

Umeme ndio unaovunja undugu wa nyumba. Mita ya LUKU iko moja, watu wanachangishana, na kila jioni mtu anahesabu vifaa vya jirani yake. Nani ana friji? Nani anachemsha maji ya kuoga kwa hita? Yule wa chumba cha tatu mbona amesafiri wiki mbili na anadaiwa sawa na wenzake? Uniti zikiisha saa nne usiku hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua. Na kuna hasara ambayo wengi hawaioni. Katika bei za EWURA za mwaka 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliuziwa uniti kwa shilingi 100, na akizidi hapo, kila uniti ya ziada ilikuwa 350, kabla ya tozo. Familia moja inaweza kujibana ndani ya 75. Familia sita kwenye mita moja haziwezi kirahisi, hata kila moja ikijibana. Mita ndogo za kila chumba hazibadilishi bei hiyo, lakini zinamaliza ugomvi wa nani katumia nini. Mwenye uwezo wa kuombea kila mpangaji mita yake mwenyewe anampa na nafuu ya bei pia.

Kisha ikaja kodi ya majengo. Mwaka 2021 ilihamishiwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Anayekatwa ni anayenunua umeme, yaani mpangaji, wakati kodi ni ya mwenye jengo. Kwa mwaka ni 18,000. Si pesa nyingi, lakini mpangaji anaiona kila mwezi anaponunua umeme, na kila akiiona anakumbuka kwamba hakuna aliyemrudishia. Mwenye nyumba mwenye busara anaikata kwenye kodi ya chumba bila kusubiri aombwe.

Ninasema haya kwa sababu mpangaji mzuri ana thamani ya pesa, na thamani hiyo inapigika hesabu. Ukimpandishia 5,000 kwa mwezi unapata 60,000 kwa mwaka. Akihama kwa hasira na chumba kikakaa wazi miezi miwili, umepoteza 100,000, bado rangi na kitasa. Anayenufaika na kuhamahama huko ni dalali, anayevuna kodi ya mwezi mzima kila mlango unapobadilisha mtu. Si ajabu akawa wa kwanza kukuambia kwamba mtaani bei imepanda.

Udhibiti wa kodi ulikuwepo: Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano ya wawili. Basi makubaliano yaandikwe, yashuhudiwe ofisi ya serikali ya mtaa, na yataje notisi, matengenezo, umeme na zamu za usafi wa choo. Wapo wanaokwepa maandishi kwa kuogopa kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango. Wanaokoa hiyo asilimia 10 na kubaki mikono mitupu siku ya ugomvi.

Siku hiyo ikifika, kufuli mlangoni na vyombo kutupwa nje havimalizi kesi. Vinamgeuza mdai kuwa mdaiwa. Njia ni notisi ya maandishi, kisha baraza la kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu ya mgogoro wa nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa linathibitisha hivyo ili shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mwenye nyumba ataulizwa mkataba, risiti na nakala ya notisi iliyosainiwa na aliyeipokea.