Kabla hujanunua mazabodi nyingine, soma namba ya hitilafu

Umejinyima miezi kadhaa. Umenunua mazabodi, RAM na kadi ya grafiki za mtumba Mombasa, ukavuka nazo Likoni hadi Ukunda, ukaziunganisha mwenyewe usiku kucha. Kompyuta inawaka! Lakini sauti hakuna, Wi-Fi hakuna, na maandishi kwenye skrini yamevimba ajabu.

Hapo wengi wetu humpigia fundi. Mimi pia nilimpigia. Aliangalia dakika mbili akasema mazabodi imekufa, ninunue nyingine. Nilikuwa na video ya harusi ya Diani ya kukabidhi Jumatatu, na mfukoni sina kitu. Kwa kuwa sikuwa na pesa za kununua, ilibidi nisome. Kumbe mazabodi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni draiva.

Draiva ni programu inayoielekeza Windows jinsi ya kukitumia kifaa. Matatu inaweza kuwa mpya na tangi limejaa, lakini bila dereva haitoki Likoni kufika hata Waa. Na sasa maswali haya yatakukuta zaidi, maana Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Ukiweka Windows 11 upya, unaanza draiva upya.

Kwanza, tafuta intaneti. Wi-Fi haifanyi kazi? Chomeka simu yako ya Android kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu ruhusu kompyuta itumie intaneti yake. Fungua Windows Update uiache itafute. Mara nyingi nusu ya shida huishia hapo.

Ikibaki, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya Start, ufungue Device Manager. Kifaa chenye alama ya njano ndicho kinacholia. Kibofye mara mbili usome namba. 28 maana yake hakina draiva kabisa. 10 maana yake kimeshindwa kuanza, na draiva isiyo yake inaweza kuwa sababu. 52 maana yake Windows haiwezi kuthibitisha saini ya draiva hiyo. Usilazimishe, tafuta ya mtengenezaji.

Hujui kifaa chenyewe ni kipi? Kiulize. Kwenye Details chagua Hardware Ids, utaona herufi VEN. Zikifuatwa na 10EC, hiyo ni Realtek. 8086 ni Intel, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Halafu soma jina la mazabodi lililochapishwa juu yake, uende kwenye tovuti ya mtengenezaji huyo. Achana na programu zinazokuahidi kurekebisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Zitakula bando lako, na nyingine zitakuachia virusi.

Kadi kuukuu nazo zina mambo yake. GTX 660 ya mwaka 2012, kwa mfano, inaishia kwenye draiva za NVIDIA za familia ya 470. Ukipakua ya kisasa, mamia ya MB yataisha halafu uambiwe haioani. Angalia umri wa kadi kabla ya kupakua.

Sasa namba 43. Hapa kifaa chenyewe kimeripoti tatizo, Windows ikakisimamisha. Inaweza kuwa draiva, inaweza kuwa kifaa. Sisi wa kuanzia Diani hadi Msambweni tuna adui mwingine: upepo wa bahari wenye chumvi, ambao huchakaza vyuma. Zima kompyuta, chomoa waya wa stima, gusa chuma ili umeme tuli ukutoke mwilini. Chomoa kadi, sugua meno yake polepole kwa raba safi ya penseli, pangusa vumbi la raba, irudishe vizuri. Jaribu tena.

Ukimaliza yote na namba bado ni ileile, jaribu kadi hiyo kwenye kompyuta ya rafiki. Ikikataa na huko, basi, mwite fundi. Lakini utamwita ukiwa na namba mkononi, na hatakuuzia mazabodi wakati ugonjwa uko kwenye kadi.

Video niliikabidhi Jumatatu asubuhi. Na hiyo mazabodi "iliyokufa" ndiyo niliyoandikia makala haya.