2147483647

2147483647 (bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba) ni namba asilia inayofuata 2147483646 na kutangulia 2147483648. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe.

Namba ya Mersenne

Namba hii ni sawa na 2³¹ − 1. Namba tasa zenye umbo 2ⁿ − 1 huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, na hii ni ya nane. Ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, ni lazima n iwe tasa, lakini hilo halitoshi: 11 ni tasa, ilhali 2¹¹ − 1 = 2047 = 23 × 89. Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha ya vipeo vinavyofaa bila uthibitisho. Kipeo 31 kilikuwa sahihi, lakini 67 na 257 vilikuwa na makosa.

Uthibitisho wa Euler

Leonhard Euler, mwanahisabati kutoka Uswisi, alithibitisha mwaka 1772 kwamba namba hii ni tasa. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa.

Kwa kawaida ingebidi kuijaribu kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni takriban 46,341. Namba tasa hizo ni zaidi ya 4,700. Lakini kila kigawo tasa cha 2³¹ − 1 lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Kwa hiyo kina umbo 248k + 1 au 248k + 63. Zinabaki namba 373 tu, na nyingi kati yake si tasa. Ya kwanza iliyo tasa ni 311, nayo inaacha baki 35. Hakuna hata moja inayogawanya kikamilifu.

Namba kamilifu

Namba kamilifu ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, kwa mfano 6 = 1 + 2 + 3. Kutokana na 2³¹ − 1 hupatikana namba kamilifu ya nane:

2³⁰ × (2³¹ − 1) = 2305843008139952128

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna kubwa zaidi itakayogunduliwa. Zimegunduliwa nyingi.

Katika kompyuta

Hii ni namba kamili kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa kwa biti 32, biti moja ikitumika kwa alama ya chanya au hasi. Mifumo mingi huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Ile inayotumia biti 32 itafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika ya Mashariki. Sekunde inayofuata, hesabu itageuka kuwa hasi na tarehe itasomeka mwaka 1901. Tiba yake ni kutumia biti 64.