Je, wajua kuna prosesa isiyo na saa?

Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika taasisi ya Caltech huko California, Marekani, watafiti waliunda prosesa ya ajabu. Walipokuwa wakiionyesha kwa wageni, waliweka kikombe cha kahawa ya moto juu yake. Mapigo iliyokuwa ikiyatoa, yaliyoonekana kwenye skrini, yakapungua kasi. Kisha wakaimwagia naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya takribani nyuzi 196 chini ya sifuri, na mapigo yakaenda mbio. Hakuna aliyegusa swichi yoyote. Joto huzifanya transista kuwa nzito na baridi huzichangamsha, na prosesa ile ilizifuata tu.

Siri yake ni kwamba haikuwa na saa.

Prosesa ya kawaida huongozwa na saa, yaani mapigo ya umeme. Yenye kasi ya gigahezi 3 hupigiwa mara bilioni 3 kila sekunde, na kwa kila pigo saketi husonga hatua moja kwa pamoja. Muda kati ya pigo na pigo ni mfupi mno: mwanga wenyewe huwa umesafiri sentimita 10 tu. Mwendo wa mapigo hauna budi kupimwa kwa saketi iliyo nzito kuliko zote, tena ikiwa katika hali mbaya ya joto na umeme. Zilizo nyepesi humaliza mapema na kukaa zikingoja. Na kuyafikisha mapigo hayo kila pembe ya chipu hula umeme mwingi.

Prosesa isiyo na saa hufanya kazi kama mafundi wanaopokezana matofali kwenye jengo. Hakuna anayewahesabia moja, mbili, tatu. Mmoja hutoa tofali, na mwenzake akilishika, wa kwanza hugeuka kuchukua jingine. Saketi nazo ni vivyo hivyo: moja hutuma ishara ya "chukua", ya pili hujibu "nimepokea", ndipo kazi husonga.

Lakini saketi itajuaje kwamba jibu limeshakamilika? Njia moja ni kuipa kila biti nyaya mbili. Wa kwanza ukiamka, jibu ni 1. Wa pili ukiamka, jibu ni 0. Zote zikiwa kimya, hesabu bado inaendelea. Msaidizi mkubwa hapa ni saketi ndogo aliyoibuni David Muller wa Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1950. Hiyo haibadili kauli mpaka wote wanaoilisha habari wakubaliane. Wakitofautiana, hubaki na kauli yake ya awali.

Huko Manchester, Uingereza, Steve Furber, mmoja wa wabunifu wa prosesa ya kwanza ya ARM, aliongoza katika miaka ya 1990 utengenezaji wa AMULET, prosesa za ukoo huohuo wa ARM zisizo na saa. Kampuni ya Philips nayo ilitumia chipu za aina hii ndani ya peja, kwa kuwa mapigo ya saa huvuruga mawimbi ya redio ambayo peja inayasikiliza.

Mbona basi prosesa za simu zetu bado zina saa? Nyaya za ziada hula nafasi kwenye chipu. Zaidi ya hapo, programu za kubunia chipu, mbinu za kuzipima na mafunzo ya wahandisi vimejengwa kwa miongo mingi juu ya saa, na kuvianza upya ni gharama kubwa.

Hata hivyo, wazo hili limepata makao mapya. Mwaka 2017 Intel ilitangaza Loihi, chipu inayoiga ubongo, yenye viini 128 vya neva vinavyowasiliana bila saa. Neva ya mwanadamu haipigiwi ngoma ili ifanye kazi. Huamka inapoletewa habari na kutulia inapokosa. Ndani ya Loihi pia, pasipo na habari hapana pigo, na umeme hutumika pale penye kazi.