Namba E Haina Turbo

Wiki iliyopita nilipokea simu saba kuhusu gari la aina moja: Toyota Mark II ya umbo la 110, ile yenye turbo, Grande iR-V. Mmoja alipiga kutoka Mwanza, wawili Dodoma, waliobaki wako hapahapa Dar es Salaam. Hawajuani. Lakini wote saba walifungua mdomo na sentensi ileile, kana kwamba wametoka darasa moja: “Fundi, nimepata iR-V, namba E. Nichukue?” Wawili kati yao walisema namba D, kwa sauti ya kuomba radhi.

Hakuna aliyenitajia chesisi. Hakuna aliyesema kama ni gia za mkono au otomatiki. Mmoja hakuwa hata na uhakika kama gari lina turbo, ila herufi ya namba aliijua, na ya pili na ya tatu pia. Nimekagua magari ya watu kwa miaka 19, na swali hili limenichosha. Naandika ili wa nane asome badala ya kupiga.

Anayetafuta iR-V hahitaji nimweleze kwa nini anaitafuta. Injini ya 1JZ-GTE, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, nguvu za farasi 280, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kwa nje gari linafanana na Mark II ya mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu. Raha yake iko hapo. Tuje kwenye herufi.

Herufi ile ya kwanza baada ya tarakimu inakwambia kitu kimoja tu: gari lilisajiliwa lini Tanzania Bara. Haikwambii limeundwa lini. Mark II za umbo la 110 ziliundwa kati ya mwaka 2000 na 2004, basi. Iwe namba B, iwe namba E, gari unaloliangalia ni mzee wa zaidi ya miaka ishirini aliyevalishwa bamba la njano. Ukimwambia mtu hivi anakubali, anatikisa kichwa, halafu anauliza: “Lakini namba E si ndiyo nzuri zaidi?”

Najua hoja inayojificha nyuma ya swali hilo, na sitaipuuza. Wanasema namba mpya maana yake gari halijakaa sana kwetu: halijala mashimo yetu, mafuta yetu ya vituo vya pembeni, wala mafundi wetu wa chini ya mwembe. Kwa IST au Passo iliyoshuka melini mwaka juzi, hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Kwa gari adimu la mwaka 2002, imegeuka upande. Kwa iR-V, kadiri herufi inavyokuwa mpya ndivyo ninavyovaa miwani na kuchukua tochi kubwa.

Kwanza, kusajiliwa jana si kuingia jana. Gari lililopitia Zanzibar husajiliwa kule kwa namba inayoanza na Z. Linaweza kukaa Unguja miaka tisa, linaegeshwa hatua mia kutoka baharini, linavuta chumvi usiku na mchana. Siku mwenyewe anapoamua kulihamishia Bara, analipa tofauti ya kodi na kupewa namba T ya siku hiyo. Jioni yake dalali anakuonyesha gari “la juzi tu”. Ndivyo ilivyo pia kwa magari yaliyokuwa na namba za balozi au za miradi: yakiuzwa kwa raia yanapewa namba mpya, na maisha yao ya nyuma yanafutika machoni pa mnunuzi.

Pili, na hili ndilo watu hawataki kulisikia, fikiria ni gari gani linaweza kuingia nchini leo. Miaka ya 2010, iR-V ilikuwa kwa Mjapani gari lililopitwa na wakati. Aliliuza kwa bei ya kuagana, na mtu wetu aliweza kuchagua safi. Mambo yamebadilika. Vijana wa Japani wanaogeuza haya magari kuwa ya kuteleza kwenye viwanja wamemaliza mengi. Halafu Marekani, ambayo hairuhusu gari lisilofuata viwango vyake kuingia mpaka litimize miaka 25, imeanza kufungua mlango: za kwanza za umbo hili zilitimiza umri huo mwishoni mwa 2025. Mmarekani mwenye dola anagombea gari lilelile unalogombea wewe, na amekuzidi mfuko.

Sasa weka kodi juu yake. Tuseme gari limefika bandari ya Dar likiwa na thamani ya shilingi milioni 20, nauli ya meli na bima zimo. Ushuru wa forodha asilimia 25: milioni 5. Injini inazidi cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa asilimia 10. Umri unazidi miaka 10, kwa hiyo asilimia 30 nyingine. Hizo 40 zinapigwa juu ya milioni 25, unapata milioni 10. Kisha VAT asilimia 18 juu ya milioni 35: milioni 6 na laki tatu. Jumla milioni 21 na laki tatu, kabla ya tozo ndogondogo na kabla wakala wa forodha hajanyoosha mkono. Kodi imelipita gari.

Mfanyabiashara mwenye yadi anaijua hesabu hii kuliko mimi. Kodi ya TRA hawezi kuipunguza, nauli ya meli hawezi kuipunguza. Atabana wapi? Kule mnadani Japani. Ataacha lile la daraja la 4 ambalo Mmarekani analitaka, atachukua lililoandikwa R kwenye karatasi ya mnada, yaani lililopata ajali likatengenezwa. Au atachukua lililoishi Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi ile hula sakafu ya gari kwa ustadi kama wa bahari ya Unguja. Litapigwa rangi hapa mjini, dashibodi itapakwa mafuta ing’ae, na litapata namba E. Wewe utaongeza milioni saba kwa ajili ya hiyo E.

Nisingeandika kwa uchungu hivi kama sijaliona kwa macho. Mwaka juzi kijana mmoja mhasibu aliniletea iR-V mbili asubuhi moja. Ya kwanza namba C, rangi ya fedha, boneti imebabuka kwa jua hadi inaonekana kama ramani, kiti cha dereva kimechanika pembeni. Mwenye gari alikuwa mzee wa Tanga aliyekuja nayo mwenyewe, na bahasha ya kaki chini ya mkono. Ndani ya bahasha kulikuwa na risiti za miaka kumi: mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, sili ya mbele ya pampu ya oili, klachi, oili kila kilomita elfu tano. Nilipima kompresheni silinda zote sita, zikatofautiana kidogo mno. Mzee aliomba milioni 24.

Ya pili namba E, nyeupe ya lulu, inang’aa hadi unaona meno yako. Milioni 31. Dalali aliongea bila kuvuta pumzi: imenyooka, haijaguswa nati, unaingia unaendesha. Nikainua zulia upande wa abiria, harufu ikanipiga, ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Nikachukua bisibisi nikagusa sakafu kwa ncha, sikusukuma, nikagusa tu. Ikazama kama kwenye muhogo uliooza. Dalali akachungulia tundu, akasema, “Hiyo kutu ya juujuu tu, mzee.” Tulikuwa tunaiona saruji ya gereji yangu kupitia hilo tundu.

Kijana alichukua namba E. Miezi minne baadaye aliiuza kwa milioni 30 na nusu, akanipigia kunicheka. Alikuwa na haki. Soko linalipia herufi, na mradi yupo wa nyuma yako anayeamini, herufi ina thamani. Ukinunua ili uuze, endelea na herufi zako, mimi si kazi yangu. Ila kila mnyororo una wa mwisho, na wa mwisho wa gari lile alinijia Februari, likiwa juu ya brekidauni, mguu mmoja wa nyuma umejitenga na bodi. Naye alianza kwa kuniambia ni namba E.

Kilomita nazo nitazisema kwa sentensi mbili kwa sababu hazistahili tatu. Spidimita ya umri huu inabadilishwa kwa muda wa kunywa chai, na namba iliyo kwenye karatasi ya mnada ndiyo pekee ninayoisikiliza. Zingine angalia usukani, pedali na nyonga ya kiti cha dereva.

Haya, ukaguzi wenyewe. Fungua boneti, tafuta kibao ukutani nyuma ya injini. Kikisema GX110, hiyo ni injini ya 1G-FE, cc 2,000, farasi 160, ni gari jema la kwenda kanisani, funga boneti nenda nyumbani. Kikisema JZX110 usishangilie bado, kwa sababu zipo JZX110 za injini ya 1JZ-FSE zisizo na turbo, farasi 200. Dalali ataziita “1J” na hatakuwa amedanganya. Soma mstari wa injini mpaka herufi ya mwisho: GTE. Nembo ya nyuma isikudanganye. Ipo iR-S, ambayo haina turbo, na kugeuza S kuwa V kunahitaji gundi ya dukani tu. Piga magoti, mulika tundu la bampa ya mbele uione intakula. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi ya gari. Injini iliyopandikizwa si dhambi, ila iwe imeandikwa.

Fika asubuhi mapema na mwambie asiwashe kabla hujafika. Shika injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna moshi ambao hutakiwi kuuona. Moshi wa bluu ukiachia mafuta na kukanyaga tena unaweza kuashiria turbo au ringi, na vyote viwili ni pesa ndefu. Gia ya mkono ikigoma kuingia namba tatu kwa haraka, sinkro zimekwisha. Inua mazulia yote manne na zulia la buti. Angalia kama nafasi kati ya mlango na bodi zinalingana kushoto na kulia. Hakiki kadi TRA, angalia faini kwenye mfumo wa polisi, andikishaneni mbele ya mwanasheria, hamisha umiliki wiki hiyohiyo. Fundi anayekukagulia umlipe wewe, asilipwe na dalali. Ndiyo, hata ukinileta mimi.

Wapi pa kulipata? Si yadi. Magari mazuri ya aina hii hayafiki yadi, yanapita mkono kwa mkono kati ya watu wanaojuana. Nenda wanakokutana wenye nazo jioni za Jumapili, nenda Gerezani hapa Dar kaulize wauza spea nani hununua gasketi za 1JZ-GTE na kulipa bila kubishana. Huyo ndiye mwenye gari unalolitaka, na siku atakayouza watajua kabla ya mke wake. Ukitaka kuagiza mwenyewe, sawa, ila omba karatasi ya mnada kabla ya kutuma hata senti, ikiwa na R au alama za kutu kila kona achana nalo, na uwe na kodi yote mkononi kabla meli haijang’oa nanga, si baada. Kama bajeti haifiki, Altezza RS200 yenye gia sita za mkono ina farasi 210 na inacheka vizuri barabarani. Chesisi yake ni SXE10, ile ya GXE10 ni nyingine kabisa hata ikibandikwa nembo gani. Kama huna haja ya kubadili gia mwenyewe, Crown Athlete ya GRS184, cc 3,500, farasi 315, itakufikisha Morogoro kabla chai haijapoa, na spea zimejaa.

Na kama shida yako ni injini ile hasa, kuna mlango wa nyuma ambao watu wanaupita kila siku bila kuutazama: Toyota Verossa VR25. Chesisi JZX110 ileile, 1JZ-GTE ileile, farasi 280 walewale, na kuna za gia za mkono. Inauzwa chini ya iR-V kwa sababu ya sura. Sura ni mbaya, sibishani. Ukikaa ndani huioni.