Vitamini D na Saratani: Vidonge au Nauli?

Je, inafaa wanakamati tuwanunulie wagonjwa wa saratani vidonge vya vitamini D? Ni kweli kwamba wagonjwa wenye vitamini hiyo nyingi katika damu mara nyingi huishi muda mrefu zaidi. Lakini mgonjwa aliyezidiwa hatoki nje, na hamu ya kula humpotea. Hivyo huenda upungufu umeletwa na ugonjwa wenyewe. Utafiti wa Marekani kwa watu 25,871, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa vidonge havikuzuia saratani. Kwamba vinapunguza vifo, bado haijathibitika.

Mwili hutengeneza vitamini D ngozi inapopata jua. Mwaka 2012 watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kizuri sana. Mvuvi wa Kendwa naye hushinda juani na hula vibua. (Mgonjwa wa kulala ndani ni habari nyingine, daktari ampime.)

Kwa maoni yetu, fedha ziende kwanza kwenye nauli: gari kutoka Kendwa hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja, na boti hadi Ocean Road, Dar es Salaam, mapema, kabla saratani haijasambaa.