L'Argent: Noti Moja Bandia na Maangamizi Yake

L'Argent, yaani Pesa, ni filamu ya mwisho ya Robert Bresson, mwongozaji wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1901. Ilitoka mwaka 1983 na ina urefu wa dakika 85 hivi. Kisa chake kimetokana na hadithi ya Leo Tolstoy kuhusu kuponi ya kughushi, iliyochapishwa mwaka 1911 baada ya kifo cha mwandishi huyo. Bresson alikitoa Urusi ya enzi za wafalme akakileta Paris ya wakati wake.

Chanzo ni jambo dogo. Mwanafunzi wa familia yenye uwezo anamwomba baba yake pesa za kulipa deni, ananyimwa. Rafiki yake anampa noti bandia ya faranga 500, nao wanakwenda kuivunja kwenye duka la vifaa vya picha kwa kununua fremu. Mwenye duka anapotambua kwamba duka lake limeingizwa mjini haendi polisi. Anatafuta wa kumbambikia. Anayebambikiwa ni Yvon, kijana anayepeleka mafuta ya kupashia nyumba joto. Yvon analipa kwa pesa hizo bandia mgahawani, anashikwa. Mahakamani Lucien, muuzaji wa duka lile, anaapa kwamba hamjui, na tajiri wake anamlipa kwa uongo huo. Mama wa mwanafunzi naye anapeleka bahasha dukani ili jina la mwanawe lisitajwe.

Basi wenye pesa wamekwisha kujinasua, na hakuna hata mmoja wao anayejiona mhalifu. Yvon anapoteza kazi. Anakubali kuendesha gari la majambazi wa benki, anafungwa. Akiwa gerezani mtoto wake anafariki kwa dondakoo na mkewe anamwacha. Anapotoka amekuwa muuaji, na mwanamke mzee anayemhifadhi bila kumdai chochote naye hasalimiki, wala jamaa zake.

Kwa mwongozaji mwingine, kisa hiki kingejaa vilio, damu na ngoma za kutisha. Bresson aliviondoa vyote. Hakutaka waigizaji wenye uzoefu; alichukua watu wa kawaida, akawarudisha kwenye tendo lilelile mara nyingi mpaka waliseme na kulitenda bila madoido. Kamera yake inapenda mikono kuliko nyuso: mkono unaotoa noti, unaopokea, unaofungua mlango. Hakuna muziki wa kumwelekeza mtazamaji ahuzunike wapi, ila kipande cha Bach kinachopigwa kwenye piano na mmoja wa wahusika. Sauti kubwa ni za hatua, milango na magari.

Mauaji anayoyafanya Yvon hotelini baada ya kutoka gerezani hayaonyeshwi. Ananawa mikono, na maji ya beseni yanageuka mekundu. Mahali pengine, yule mwanamke mzee anapigwa kofi na baba yake huku amebeba bakuli la kahawa. Kofi linasikika, kinachoonekana ni mikono yake na kahawa ikimwagika. Kisha anaendelea na kazi zake. Wanaosema filamu hii ni baridi hawajakosea, ila ubaridi huo ndio unaoifaa: noti hupita mkono kwa mkono bila kumuuliza anayeipokea ni mwema au mwovu, na kamera inaifuata vivyo hivyo.

Tolstoy aliandika sehemu ya pili ambamo wema nao unasambaa kutoka mtu hadi mtu na muuaji anatubu. Bresson aliikata karibu yote. Yvon anajisalimisha kwa polisi mkahawani, anakiri, anatolewa nje, na filamu inaishia hapo. Ni uamuzi mkali, na kuna mtazamaji atakayehisi ameachwa njiani.

Katika tamasha la Cannes mwaka 1983 baadhi ya watu waliizomea. Hata hivyo Bresson alitunukiwa tuzo, pamoja na Andrei Tarkovsky aliyeshiriki kwa filamu ya Nostalghia. Bresson hakutengeneza filamu nyingine hadi alipofariki mwaka 1999.